Maswali na Majibu: Umeme Ukirudi, Huduma Ipi Itangulie?

Barua tulizopokea safari hii kutoka Kigoma na Tabora zinazunguka jambo moja: kompyuta ya Linux inayofanya kazi vizuri siku nzima, lakini umeme ukikatika na kurudi, huduma moja au mbili, yaani programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia, hugoma mpaka mtu aje kuziwasha kwa mkono. Jibu la kwanza nimeliandika kwa kirefu, kwa sababu atakayelielewa vizuri ataona kwamba mengi yanayofuata ni matawi yake. Mifano yote inahusu systemd, yaani programu ambayo kiini cha Linux huianzisha kabla ya nyingine zote, nayo ndiyo huziwasha na kuzisimamia huduma zilizobaki. Kati ya aina za Linux, Debian inaitumia tangu toleo la 8, na Ubuntu tangu toleo la 15.04, yote mawili ya mwaka 2015.

Ndugu Mhariri, ninatunza seva ndogo ya Debian katika zahanati moja hapa Ujiji. Ina programu ya kumbukumbu za wagonjwa inayoandika kwenye hifadhidata ya MariaDB iliyomo ndani ya mashine hiyohiyo, na kila jioni programu hiyo hutuma muhtasari mjini kwa mtandao. Umeme ukirudi, programu ya wagonjwa huanza kisha hufa, na muuguzi wa zamu hunipigia simu hata usiku wa manane. Niliongeza mstari wa Requires=mariadb.service nikadhani nimemaliza, lakini siku nyingine inaanza vizuri na siku nyingine haianzi. Nimekosea wapi?
*Mtunza kompyuta, Ujiji*

Ndugu yangu wa Ujiji, kuandika mstari huo si kosa. Kosa ni kudhani kwamba unasema mambo mawili, ilhali unasema moja tu. Katika systemd, kumhitaji mwenzako na kumsubiri mwenzako ni mambo mbalimbali, na kila moja lina neno lake. Requires= husema: nikiwashwa mimi, naye awashwe. Haisemi atangulie nani. Ukiishia hapo, systemd huziwasha huduma zote mbili kwa wakati mmoja, maana imeundwa iwashe mambo mengi sambamba kadiri inavyowezekana, na matokeo yake yanakuwa mbio. Siku ambayo MariaDB imewahi, unafurahi. Siku ambayo umeme ulikatika ghafla na MariaDB inalazimika kwanza kuzikagua data zake na kuzirekebisha, programu ya wagonjwa inabisha hodi mlango ukiwa bado umefungwa, inakosa wa kumwitikia, inakufa. Ndiyo sababu taabu yako hujitokeza zaidi baada ya umeme kukatika, na ukijaribu kwa mkono mchana huioni.

Mkazi wa Kigoma ana mfano wa jambo hili mbele ya macho yake. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 ikaishia hapo kando ya ziwa, na wapo abiria wanaoshuka kwenye treni ili wapande meli. Fikiria nahodha aliyepewa agizo moja tu: treni ikiwa njiani leo, usiondoke kabla haijafika. Agizo hilo ni After=. Kama leo hakuna treni iliyopangwa, nahodha hangoji kitu, anang'oa nanga, kwa sababu agizo lake haliiti treni yoyote kutoka Tabora. Sasa mpe nahodha mwingine agizo jingine peke yake: safari ya meli ikipangwa, na treni ipangwe. Hilo ni Requires= au Wants=. Treni itapangwa kweli, lakini hakuna aliyemwambia nahodha asubiri, naye anaweza kuondoka huku abiria wakiwa bado Uvinza. Wewe unayataka yote mawili, basi yaandike yote mawili kwenye faili la huduma ya programu ya wagonjwa:

[Unit]
Wants=mariadb.service
After=mariadb.service

Utauliza kwa nini nimeiondoa Requires= na kuweka Wants=. Hapa ninatoa maoni yangu, na nitakueleza yanatokana na nini. Wants= humtaka mwenzake awashwe, lakini akishindwa, huduma yako inaendelea na safari. Requires= ikiandamana na After= ni kali zaidi: mwenzake akishindwa kuanza, kazi ya kuiwasha huduma yako inafutwa papo hapo. Tena, mtu akiisimamisha MariaDB kwa amri, yako nayo inasimamishwa. Ukali huo unaonekana kuwa uangalifu, lakini una dosari moja inayoumiza: MariaDB ikianguka mara ya kwanza na kusimama dakika moja baadaye, huduma yako haitaamka nayo, kwa sababu kazi yake ilikwisha kufutwa. Hata ukiwa umeandika Restart=, haisaidii, maana Restart= huifufua huduma iliyoanza ikafa, na yako haikuwahi kuanza. Katika zahanati ambayo fundi hayupo usiku, ninaona ni afadhali huduma ianze, ishindwe, ijaribu tena, kuliko ilale imekufa ikimsubiri mtu wa kuiamsha.

Ili ijaribu tena, ongeza kwenye sehemu ya huduma mistari hii:

[Service]
Restart=on-failure
RestartSec=10

Usiuache mstari wa pili. Usipoandika RestartSec=, systemd husubiri milisekunde 100 tu kati ya jaribio na jaribio, na kwa kawaida huduma ikiwashwa mara 5 ndani ya sekunde 10, systemd huiona imeharibika na kuacha kuiwasha. Kwa hiyo huduma yenye haraka humaliza majaribio yake yote kabla MariaDB haijamaliza hata kukagua data, kisha inabaki imezimwa. Ukiweka sekunde 10 kati ya majaribio, kikomo hicho hakifikiwi, nayo itaendelea kujaribu mpaka ifanikiwe.

Lipo jambo la tatu, nalo ndilo linalowapotosha hata mafundi wazoefu. After= husubiri mpaka mwenzake awe ameanza, lakini je, kuanza maana yake nini? Jibu limo kwenye mstari wa Type= wa huduma inayosubiriwa. MariaDB hutumia Type=notify: yenyewe huiambia systemd kwamba sasa iko tayari kupokea wateja, na kabla ya hapo anayeisubiri haruhusiwi kupita. Huduma ya Type=simple huhesabiwa kuwa imeanza mara tu mchakato wake unapozaliwa, hata kama bado inasoma mipangilio yake na haijafungua mlango wowote. Ukimsubiri mwenye Type=simple, umemsubiri avuke kizingiti cha nyumba yake, hujamsubiri afike kazini. Kwako wewe jambo hili limeshatatuliwa na watengenezaji wa MariaDB, lakini siku utakapoandika huduma yako nyingine na kutaka isubiriwe, chagua Type=notify kama programu inaweza kutuma taarifa hiyo. Kama ni kazi ya kuandaa kitu na kumaliza, chagua Type=oneshot, ambayo husubiriwa mpaka imalizike. Ikiwa programu si yako na huwezi kuibadilisha, weka kwenye ExecStartPost= hati fupi inayojaribu mlango wake mpaka uitikie. systemd haiihesabu huduma kuwa imeanza mpaka hati hiyo imalizike, kwa hiyo wanaoisubiri watasubiri kweli.

Kuhusu mtandao, ninakuomba ukigawe kitu kimoja kiwe viwili. Programu ya wagonjwa na hifadhidata yake zimo ndani ya mashine moja, kwa hiyo kuandikisha mgonjwa hakuhitaji intaneti hata kidogo. Kinachohitaji intaneti ni kutuma muhtasari. Itengenezee kazi hiyo huduma yake ya peke yake, na hiyo ndiyo isubiri mtandao kwa mistari hii miwili:

Wants=network-online.target
After=network-online.target

Wengi huandika After=network.target wakaona inatosha. Haitoshi. Maneno yanayoishia na .target ni vituo, yaani alama za hatua ambazo mashine imefikia katika kuwaka, na kituo hicho cha network.target kinamaanisha tu kwamba programu inayosimamia mtandao imeshawashwa, wala hakisemi kama mashine imepata anwani. Faida yake kubwa iko wakati wa kuzima mashine. Kituo cha network-online.target ndicho husubiri anwani ipatikane, nacho hakiji mpaka kiitwe, ndiyo maana Wants= ni ya lazima. Hata hivyo kusubiri huko kuna kikomo, kwa mfano sekunde 120 kwa anayetumia systemd-networkd asipobadilisha kitu, na rauta yako inaweza kuchukua muda zaidi ya huo baada ya umeme kurudi. Isitoshe, anwani ya ndani si uthibitisho kwamba seva ya mbali inafikika. Kwa sababu hiyo huduma ya kutuma nayo ipe Restart= na RestartSec=, na usimfungie mgonjwa mlango kwa ajili ya rauta.

Ukishaandika, anzisha upya mashine siku ambayo zahanati haina foleni, kisha utoe amri ya systemd-analyze critical-chain ukifuatisha jina la huduma yako. Itakuonyesha imemsubiri nani na kwa sekunde ngapi. Amri ya journalctl -b -u na jina la huduma itakusomea yote iliyoyasema tangu mashine ilipowaka. Faida nyingine utaipata bila kuiomba: wakati wa kuzima, systemd hufuata mpangilio uleule kinyumenyume, kwa hiyo programu ya wagonjwa itasimama kwanza na MariaDB baada yake, na hakuna maandishi yatakayokatwa katikati.

Ndugu Mhariri, chama chetu cha wafuga nyuki wilayani Sikonge kina seva inayonakili data zake kila usiku kwenye diski ya nje iliyounganishwa kwenye folda ya /mnt/akiba. Mwezi uliopita mashine ilijaa kabisa ikagoma kufanya kazi. Tulipochunguza, diski ya nje ilikuwa haijaunganishwa kwa wiki mbili, na nakala zote zilikuwa zimeandikwa kwenye diski ya ndani. Tena diski isipokuwepo mashine inakaa dakika moja na nusu bila kuwaka, kisha inatuomba nenosiri la msimamizi.
*Katibu wa chama, Sikonge*

Ndugu Katibu, folda ya /mnt/akiba ipo hata diski isipokuwepo, na programu ya kunakili haina njia ya kujua kwamba inaandika ndani ya folda tupu. Kwenye faili la huduma yako, katika sehemu ya [Unit], ongeza mstari mmoja:

RequiresMountsFor=/mnt/akiba

Mstari huo unaleta kwa pamoja kuhitaji na kusubiri, yaani Requires= na After=, kwa kila diski inayotakiwa iwe imeunganishwa ili njia hiyo ifikike. Msomaji makini ataniuliza mbona nimemshauri mwenzetu wa Ujiji aikwepe Requires=, na wewe ninakupa. Tofauti iko kwenye hasara. Programu ya wagonjwa ikianza mapema, inashindwa tu na kujaribu tena. Programu ya kunakili ikianza bila diski, haishindwi, inafanya kazi yake mahali pasipostahili na kukuachia imani ya uongo kwamba una akiba. Kwake ni heri isianze kabisa. Ukitaka pia isimame mara diski ikichomolewa katikati ya kazi, ongeza BindsTo=mnt-akiba.mount.

Zile dakika moja na nusu ni sekunde 90 ambazo systemd huipa diski iliyotajwa kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kuunganishwa, ijitokeze, nayo isipoonekana, mashine huingia kwenye hali ya dharura. Kwenye mstari wa diski hiyo ongeza nofail,x-systemd.device-timeout=15s na mashine itawaka bila kuisubiri. Lakini nofail peke yake, bila ule mstari wa RequiresMountsFor=, itakurudisha kulekule kwenye diski ya ndani kujaa, kwa hiyo viandike vyote viwili siku moja. Itaje diski kwa UUID yake, yaani namba yake ya utambulisho, si kwa jina kama /dev/sdb1, maana jina hilo linaweza kuhamia kwenye diski nyingine. Kabla ya kufunga kazi, tenganisha diski ya nje kwa amri ya umount na utazame ndani ya /mnt/akiba: nakala za zile wiki mbili bado zimo chini yake, zimefichwa na diski uliyoiunganisha juu, na zinaendelea kula nafasi. Zihamishe zile unazozihitaji, kisha uzifute.

Ndugu Mhariri, nilirekebisha faili la huduma ndani ya /lib/systemd/system, likafanya kazi miezi mitatu. Wiki hii nimesasisha mfumo na mistari yangu yote imepotea. Nifanyeje isitokee tena?
*Msomaji, Kasulu*

Folda hiyo ni mali ya vifurushi vya mfumo, na kila sasisho lina haki ya kuandika juu ya yaliyomo. Ya kwako yaweke chini ya /etc/systemd/system. Njia salama ni amri ya systemctl edit pamoja na jina la huduma, ambayo hukufungulia faili dogo la nyongeza lenye mistari yako tu, huku faili la asili likibaki lilivyo. Ukilihariri faili hilo kwa njia nyingine, usisahau systemctl daemon-reload. Tahadhari moja: kwa faili la nyongeza unaweza kuongeza After= au Wants=, lakini huwezi kuufuta ule ulioandikwa kwenye faili la asili. Ukitaka kuufuta, tumia systemctl edit --full, na ukumbuke kwamba tangu siku hiyo faili zima ni jukumu lako.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi, ninamsaidia mwalimu wetu kutunza maabara ya kompyuta hapa Urambo. Tuna huduma ya mazoezi tuliyoiandika wenyewe, na mbele yake tuna nginx, programu inayopokea maombi ya wavuti. Siku nyingine mashine ikiwaka nginx haipo, siku nyingine ya kwetu ndiyo haipo, na systemctl status haionyeshi kosa lolote, inasema tu imelala.
*Mwanafunzi, Urambo*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kutambua kwamba kulala bila kosa ni dalili yenye maana. Huduma iliyojaribu ikashindwa huandikwa imeshindwa. Iliyolala bila kosa, kama haikuzimwa wala kumaliza kazi yenyewe, haikujaribiwa kabisa. Toa amri hii:

journalctl -b | grep -i cycle

Ninaamini utakuta systemd inalalamika kwamba mpangilio umekuwa duara: huduma yenu inaisubiri nginx, na nginx imeambiwa iisubiri huduma yenu. Huenda wewe uliandika After=nginx.service kwenye faili la mazoezi, na mtu mwingine, kwa nia njema, akaandika Before=nginx.service kwenye faili hilohilo au After=mazoezi.service kwenye nyongeza ya nginx. Before= ya huyu ni sawasawa na After= ya yule, kwa hiyo mmewaweka watu wawili mlangoni kila mmoja akimwambia mwenzake atangulie. systemd haiwezi kubaki imesimama hapo milele, basi huifuta kazi moja ili duara likatike, bila kujua ipi ni muhimu kwenu. Kaeni pamoja mwamue nani hasa anamhitaji mwenzake. Kwa kawaida nginx inaweza kuanza hata huduma iliyo nyuma yake haijawa tayari, itawajibu wageni kwa ujumbe wa kosa kwa sekunde chache tu, kwa hiyo pengine hamhitaji mpangilio wowote kati yao. Mkiuhitaji, uandikeni upande mmoja peke yake, kisha mkague kwa systemd-analyze verify mkifuatisha jina la faili kabla ya kuanzisha upya mashine.

Ndugu Mhariri, kwenye mwalo wa Kibirizi tunaandika uzito wa dagaa kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4. Umeme ukikatika usiku, mizani ya alfajiri inaandikwa tarehe na saa ya jana jioni, na hesabu za wavuvi zinavurugika.
*Karani wa mwalo, Kigoma*

Ndugu Karani, kompyuta hiyo haina saa yenye betri. Ikiwaka, hujishikiza kwenye saa ya mwisho iliyohifadhiwa kabla ya umeme kukatika, kisha husubiri kusahihishwa na intaneti. Programu yako inaanza kuandika kabla ya masahihisho hayo. Iwashe huduma inayosubiri saa kwa systemctl enable systemd-time-wait-sync.service, kisha kwenye faili la programu ya mizani uandike:

Wants=time-sync.target
After=time-sync.target

Ila pima jambo hili vizuri kabla hujalifanya. Huduma hiyo ya kusubiri haina kikomo cha muda. Alfajiri ambayo intaneti haipo, programu ya mizani haitaanza kabisa, na mitumbwi haitawangoja. Kwa mahali kama Kibirizi ningenunua kijisaa chenye betri cha aina ya DS3231, kinachochomekwa kwenye pini za kompyuta hiyo, ili saa iwe sahihi tangu mashine inapowaka, na mistari hiyo miwili nisingeihitaji. Mkija kununua Raspberry Pi 5, saa imo ndani yake tayari, lakini betri yake inanunuliwa peke yake, na bila betri hiyo mtarudi kwenye tarehe za jana.